Kiti cha Nyuma

Jumamosi asubuhi stesheni kuu huwa haina pa kuweka mguu. Siku hiyo treni mbili ziliingia karibu pamoja, na watu wakamwagika ukumbini na mabegi yao, watoto wao na haraka zao. Katikati ya msukumano huo alikuwamo dada mmoja aliyevaa gauni la rangi ya machungwa, nywele kazisuka mistari myembamba iliyolala nyuma, mikononi kakumbatia boksi la fremu za miwani alilotoka kulichukua ofisi ya mizigo. Alikuwa mpima macho. Duka lake lilikuwa mtaa wa nyuma, kati ya saluni na benki, na kwa mwendo wa kawaida angefika kabla mteja wa kwanza hajaanza kununa.

Hakufika. Upande wake wa kushoto alitokea mwanamume mrefu mwenye fulana ya kijani kibichi na kaptura nyeusi ya kubana, miguu imekakamaa kama ya mwanariadha. Alikuwa akitazama mbele moja kwa moja, mkono juu, akiwapungia watu waliokuwa wakishuka behewani. Akamgonga bega kwa bega. Boksi likaruka, fremu zikatawanyika sakafuni.

"Kaka! Hunioni?"

"Dada, nisamehe. Haki ya Mungu sikukuona."

"Na gauni la rangi hii? Watu wananiona toka getini!"

"Basi sasa nimekuona," alisema yule mwanamume, akamtazama vizuri. "Na itabidi uzoee, maana siachi leo."

Dada alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka kabla. Wakachuchumaa kuokota. Mwanamume akavaa fremu moja ya kike, nyekundu, isiyo na vioo.

"Zimenikaa?"

"Umekuwa kama shangazi yangu."

"Shangazi yako mzuri?"

"Mkali."

"Nitajitahidi. Wanakuitaje?"

"Wateja wananiita Dokta, ingawa si daktari. Napima macho."

"Mimi nitakuita Miwani. Mimi ni Kapteni."

"Wa meli gani?"

"Wa baiskeli," alijibu, akamwonyesha wale watu waliokuwa wakimsubiri na kofia ngumu mikononi.

Kapteni alikuwa akiongoza misafara ya baiskeli. Yeye na kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa fundi, walikuwa na karakana mwisho wa mji, pale ilipoanzia njia ya reli ya zamani. Reli yenyewe iling'olewa miaka mingi iliyopita, ikabaki njia pana ya changarawe iliyozunguka vilima, ikapenya handaki moja, kisha ikashuka hadi pwani kwenye magofu ya mji wa mawe. Magari hayakuruhusiwa. Hata pikipiki zilizuiwa na vizuizi vya chuma. Mtu alisikia ndege, upepo na pumzi zake mwenyewe.

"Njoo Jumapili," Kapteni alimwambia. "Utakuwa mgeni wangu."

"Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa shule ya msingi."

"Baiskeli hazijabadilika. Bado zina magurudumu mawili."

Jumapili alfajiri mdogo wake, aliyekaa naye nyumba moja, alimkuta mbele ya kioo akibadilisha blauzi ya tatu.

"Dada, unaenda kuendesha baiskeli au kuposwa?"

"Nyamaza wewe. Naenda kunyoosha viungo."

"Viungo gani vinahitaji hereni?"

Alizivua hereni. Alipofika mlangoni akarudi akazivaa.

Siku ile alishika breki kila mteremko, hata ule ambao mtoto angeuachia. Kapteni alikuwa akimsubiri chini, mguu mmoja ardhini, anacheka. "Miwani, hizo breki zitalia machozi!" Alimwelekeza kubadili gia kabla ya mlima na si katikati yake, na kutazama anakotaka kwenda badala ya shimo analoogopa. Vilima vilikuwa na majani marefu ya rangi ya kahawia, na kila kona ilileta kipande cha bahari, kwanza chembamba kama uzi, kisha kipana. Handakini Kapteni aliwaamuru wote washuke wasukume baiskeli kwa miguu, yeye mbele, kiganja chake kikigusa ukuta. Kule pwani aliwatembeza magofuni: ukuta uliokuwa na matundu ya mizinga, jumba la mfanyabiashara lisilo na paa, kisima ambacho ngazi zake zililiwa na nyayo za waliochota maji humo. Alizungumza juu ya watu wale kama majirani zake waliohama wiki iliyopita. Miwani akajikuta anamsikiliza kuliko anavyotazama.

Simu zikaanza jioni hiyohiyo.

"Miguu hali gani, kipenzi?"

"Miguu gani? Nimebaki na vijiti viwili. Halafu nani kakupa ruhusa ya kuniita kipenzi?"

"Nilidhani umelala, nikasema nijaribu."

"Sijalala. Jaribu tena."

Kwa miezi kadhaa Jumapili zao zikawa hizo. Mchana wa siku za kazi Kapteni alimpitia dukani na chakula, wakala nyuma ya pazia katikati ya vioo na chati za herufi. Mdogo mtu alianza kumwita shemeji hata kabla ya kuambiwa. Fundi naye, mtu wa maneno machache aliyekuwa na grisi hadi kwenye nyusi, alimtengenezea Miwani baiskeli ya saizi yake, akaipaka rangi ya machungwa bila kusema kitu.

Lakini jicho la kazi halilali. Miwani aliona mambo. Alimpa Kapteni glasi ya maji kutoka pembeni, Kapteni hakuipokea mpaka ikafika mbele ya pua yake. Mteja mmoja alimnyooshea Kapteni mkono kutoka pembeni amsalimu, Kapteni hakuuona, kisha akampiga kikumbo mteja huyohuyo akitoka. Kwenye sinema alisimama mlangoni akisubiri ashikwe mkono, akasema anafanya mahaba. Na lile handaki. Wenzake walipita wakiwa na taa, wakiimba. Yeye peke yake alishika ukuta.

"Lini mara ya mwisho kupimwa macho?" alimuuliza siku moja wakiwa wanakula.

"Macho yangu? Nakuona wewe, inatosha."

"Nimekuuliza swali la kazi."

Kapteni akaacha kutafuna. "Nipime basi, Dokta," akasema, na utani haukuwamo.

Miwani alimkalisha kwenye mashine, jicho moja limezibwa, akampa kitufe. Kazi ilikuwa rahisi: tazama katikati, ukiona nukta ya mwanga inawaka popote, bonyeza. Nukta zilipowaka katikati, alibonyeza haraka. Zilipowaka pembeni, kulia, kushoto, juu, chini, chumba kilikaa kimya. Miwani alisimama nyuma yake akiangalia nukta zikiwaka na kuzimika bila mtu kuzijibu. Kisha akamulika ndani ya jicho, akaona pazia la nyuma, lile linalopokea mwanga, limeingia madoa meusi.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Baba yangu mdogo yalimpata hayohayo. Yalianzia gizani, yakala pembeni, mwisho akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija." Akavaa kofia yake, akaivua. "Kaka yangu hajui. Usimwambie mtu, Miwani. Nimekuja kwako kama mgonjwa."

"Mgonjwa wangu simsemi. Lakini utaenda kwa bingwa, na hutaongoza watu tena mpaka akuone. Ile njia ina genge upande wa bahari. Mtu akianguka kushoto kwako hutajua."

"Sawa."

"Usiniambie sawa ya kunifukuza."

"Sawa ya kweli, laazizi. Naahidi."

Wiki ileile aliingia dukani mama mmoja aliyetaka kukazwa miwani yake ya jua. Alikuwa na furaha, akasema Jumamosi familia tatu zinakwenda pwani kwa baiskeli, watoto wadogo watakaa kwenye viti vya nyuma, na Kapteni mwenyewe ndiye atakayewaongoza. Miwani alikaza skrubu hadi ikavunjika. Akaomba radhi, akampa nyingine, na mama alipotoka tu akachukua simu.

"Jumamosi uko wapi?"

"Karakana."

"Mteja wako katoka hapa sasa hivi."

"Ni mara ya mwisho, Miwani. Msimu unaisha. Ile njia naijua hata nikifumbwa macho."

"Na watoto wa watu, nao wamefumbwa? Ahirisha."

"Siwezi kuwapa sababu."

"Usipoahirisha nitampigia kaka yako."

"Hutafanya hivyo," alisema Kapteni, akakata.

Miwani alikaa na simu mkononi. Alijua kazi yake inamkataza nini, na alijua genge lile lina kimo gani. Mwishowe alimpigia fundi, akasema maneno machache: "Shemeji, Jumamosi usimwache aongoze msafara. Sababu muulize mwenyewe, mimi siwezi kusema." Fundi hakuuliza kitu. Alisema tu, "Nimekuelewa."

Kesho yake Kapteni aliingia dukani kama upepo, akajigonga kwenye stendi ya fremu, zikaanguka. Safari hii hakuna aliyechuchumaa.

"Umeniuza."

"Sikumwambia ugonjwa wako."

"Kaka yangu kanivua uongozi mbele ya wateja! Kaniambia habari ya baba mdogo, kanitajia macho. Kayatoa wapi kama si kwako? Halafu anasema hata mpenzi wako hataki kupanda baiskeli nyuma yako."

"Mimi? Mimi nimesema hivyo?"

"Basi nenda ukatafute mwenye macho mazima."

Mteja mmoja aliyekuwa akisoma chati aliteremsha kibao cha kuzibia jicho, akatoka taratibu. Miwani akasimama wima, koti jeupe limefungwa vifungo vyote.

"Sikiliza. Nilikuambia wewe kwanza. Ulinidanganya. Ukikosa pa kupeleka hasira, usilete kazini kwangu."

Kapteni akaondoka. Alipapasa mlango kabla ya kuupata.

Miwani alimpigia mara kadhaa siku zilizofuata. Simu iliita mpaka ikachoka. Akaacha. Alifanya kazi, alipima watu, aliwaambia wasome mstari wa chini. Baiskeli ya rangi ya machungwa ilisimama varandani ikikusanya vumbi, na mdogo wake alipoipangusa akagombezwa. Kapteni kwa upande wake alikwenda kwa bingwa, peke yake. Bingwa alimthibitishia alichokijua: dawa hakuna, pembeni hapatarudi, katikati panaweza kubaki miaka mingi kama Mungu akipenda. Alirudi karakana akaketi juu ya tairi kuukuu. Fundi alimpa mnyororo asafishe. Alisafisha. Akampa mwingine. Siku zikaenda hivyo, ndugu wawili na minyororo, hakuna anayeanza mazungumzo.

Aliyeanza ni fundi, lakini kwa simu, na si kwa mdogo wake.

"Shemeji, kuna baiskeli nimeiunda, ya watu wawili. Nahitaji mtu wa mbele aijaribu. Jumapili una nafasi?"

"Wa nyuma nani?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Msumbufu kidogo," alisema fundi.

Miwani hakuwa mjinga. Alivaa suruali ya kijivu na shati jeupe, hakuvaa hereni, akaenda akiwa na hotuba kichwani. Kapteni alikuwa amesimama mwanzo wa njia, karibu na vizuizi vya chuma, amepungua mwili, mkono juu ya baiskeli ndefu ya bluu yenye viti viwili na sukani mbili. Naye aliambiwa anamsaidia mteja.

"Ni wewe," alisema alipomwona.

"Ni mimi."

"Kaka kanifanyia mchezo."

"Hata mimi. Tunapanda au tunarudi nyumbani?"

Hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi. Miwani akakaa mbele. Kapteni akapapasa kiti cha nyuma, akapanda. Baiskeli ile ilikuwa na tabia moja: pedeli za mbele na za nyuma ziliungwa na mnyororo mmoja, kwa hiyo mmoja akikanyaga wote wanakanyaga, mmoja akigoma wote wanakwama. Waliyumba kulia, wakayumba kushoto, karibu waingie mtaroni.

"Kanyaga!" alisema Miwani.

"Nakanyaga! Wewe umeshika breki!"

"Sijashika!"

"Nasikia zinalia!"

Aliziachia. Baiskeli ikanyooka, ikashika mwendo. Wakapanda kilima cha kwanza kimyakimya, na kwenye cha pili kimya kikawashinda.

"Kwa hiyo," alisema Kapteni kwa mgongo ulio mbele yake, "hutaki kupanda nyuma yangu."

"Nani yuko nyuma ya nani sasa hivi?"

"Usicheke, Miwani. Nimeumia."

"Mimi sikuumia? Umenifokea mbele ya mteja. Hajarudi mpaka leo, na macho yake mabovu kweli."

"Ulimwambia kaka."

"Nilimwambia usiongoze. Basi. Ugonjwa sikuutaja, hata neno jicho sikulitaja. Uliza."

"Nimuulize nini?"

"Mpigie. Sasa hivi."

Wakasimama kwenye kivuli cha miti ya misonobari, miguu ikiwa ardhini, hakuna aliyeshuka. Kapteni alitoa simu, akaifungua spika wote wasikie. Fundi alipokea mara moja, kama aliyekuwa kaishika.

"Mmeanguka?"

"Hatujaanguka. Kaka, huyu alikuambia nini hasa siku ile?"

Ikasikika nyundo ikiwekwa mezani. "Alisema nisikuache uongoze, na sababu nikuulize wewe. Hayo tu."

"Habari ya macho uliitoa wapi?"

"Mimi nimelala chumba kimoja na wewe miaka yote ya utoto. Nilimwona baba mdogo akianza. Nakuona wewe unashindwa kudaka spana nikikurushia. Nilijua zamani kuliko wewe. Niliogopa kulisema. Ningelisema lingekuwa kweli."

"Na lile la kwamba hataki kupanda nyuma yangu?"

"Hilo nililitunga. Nilitaka uumie uache. Niliona ukiumizwa na mimi peke yangu hutaacha. Shemeji, uko hapo?"

"Nipo, shemeji."

"Nisamehe. Na hiyo gia ya mbele msiilazimishe, bado mpya."

Akakata. Upepo ulipita juu ya miti. Miwani alikuwa bado ametazama mbele, na Kapteni aliona kilichokuwa katikati ya macho yake, yaani mgongo wa shati jeupe uliolowa jasho, na mabega yaliyokuwa yakitetemeka. Hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Miwani."

"Nini?"

"Nilikufanya mchongezi na hukunichongea."

"Nilikuchongea kidogo."

"Nisamehe. Nilikudanganya, halafu nikakukasirikia wewe kwa sababu ya uongo wangu."

"Na wale watoto?"

"Nawaota. Naota mmoja kaanguka upande wa kushoto na mimi naendelea kwenda, natoa historia."

Hapo ndipo Miwani alipogeuka. Alimpangusa jasho usoni kwa kiganja, akaacha alama ya vumbi shavuni, wala hakumwambia. "Bingwa kasemaje?"

Alimweleza yote, bila kupunguza. Miwani aliuliza maswali ya kazi, akajibiwa. Hakumwambia asiwe na wasiwasi, kwa sababu wasiwasi ulikuwapo na wote wawili waliujua. Kisha wakakanyaga pedeli.

Waliposhuka kuelekea baharini, Miwani alianza kutaja vitu bila kuombwa. "Kushoto kuna mbuzi wawili, mmoja kapanda juu ya ukuta. Kulia mama kavaa kofia kubwa kama sinia. Mbele kuna kona." Kapteni naye akamrudishia ya kwake: pale palikuwa na kituo cha reli, hapa mkuu wa stesheni alifuga bata, ukuta ule ulijengwa mara mbili kwa sababu wa kwanza uliangushwa na bahari. Njia nzima walikuwa wakiongea kwa zamu, na wapanda baiskeli wengine waliowapita walipunguza mwendo ili wasikie. Mwanamke mmoja mwenye mkoba mgongoni aliuliza kama wao ni waongozaji na kama wana nafasi wiki ijayo.

"Anayeongoza ni huyu wa mbele," alisema Kapteni. "Mimi ni mdomo tu."

"Mpigie fundi," alisema Miwani. "Yeye ndiye atakayekuwa mbele ya msafara. Sisi tutakuja nyuma na hadithi."

Kapteni alikanyaga kwa nguvu zaidi, na Miwani akaisikia miguuni mwake.

Walikula machungwa magofuni, kwenye kivuli cha jumba lisilo na paa. Jua lilipoanza kulegea wakageuza. Kurudi kulikuwa kupanda tu. Kilima cha mwisho kabla ya mji kilikuwa kikali kuliko vyote, na Miwani, aliyekuwa mbele akipokea upepo, alikuwa anahema kama mvukuto. Hakuwa na pumzi ya kumwambia mtu neno refu. Kapteni alipachagua mahali hapo makusudi.

"Miwani, nikikuomba unioe mimi kipofu mtarajiwa, utaniona nimekuhadaa?"

"Mwa... mwanaume... ndiye... anayeoa!"

"Basi nikuoe. Sikiliza kwanza, usinijibu haraka. Iko siku sitauona hata huu mgongo wako. Nitakuwa nagonga milango, nitakuwa na hasira siku nyingine. Na nikidanganya tena?"

Miwani alivuta pumzi kutoka mahali pa mbali sana.

"Nitakuchongea tena!"

"Kwa kaka?"

"Kwa kaka... kwa mama... kwa yeyote!"

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Unakubali?"

Kilele kilikuwa mbele yao, mita chache za changarawe. Miguu ya Miwani iliwaka moto na koo lilikauka. Hotuba aliyoitunga wiki nzima ilikuwa imemtoka kichwani.

"Ndiyo!" alisema. "Kanyaga!"

Kapteni akakanyaga.